Uyoga wa mjini si ule wa kijijini

Mvua ikinyesha mfululizo kwa siku chache kisha jua likatoka, ardhi huanza kutoa vitu ambavyo jana havikuwapo. Kwenye nyasi za mitaa ya Nairobi, kando ya ua la shule, chini ya miti ya bustani na hata kwenye kisiki cha mti uliokatwa zamani, uyoga huchomoza kwa usiku mmoja. Wengi wetu tuliolelewa mashambani tunaujua. Waluhya huuita obwoba, Wajaluo huuita obuolo, na kwa jamii hizi na nyingine nyingi uyoga ni kitoweo cha heshima kinachosubiriwa kwa hamu kila msimu wa mvua.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Chukulia kwamba nyanya amekuja mjini kutoka Kakamega kuwaona wajukuu wake. Asubuhi moja anatoka nje na kuona uyoga mkubwa mweupe umetapakaa kwenye nyasi za ploti. Nyanya huyu amechuma uyoga kwa miaka 50 bila kukosea. Anauchuma, anaupika, na usiku huo watoto wanakimbizwa hospitalini wakitapika. Nyanya si mjinga. Jambo ambalo hakuna aliyemwambia ni kwamba ujuzi wa uyoga ni ujuzi wa mahali. Mtu akihama, si ujuzi wote unaohama pamoja naye.

Makala haya yatakueleza, msomaji, uyoga huota wapi na kwa nini, mahali unapoota panaweza kukufunza nini, na ni jambo lipi ambalo mahali hapawezi kukuambia kamwe.

Uyoga ni nini?

Kinyume na wanavyodhani wengi, uyoga si mmea. Hauna mizizi, majani wala maua, na hauwezi kujitengenezea chakula kwa mwangaza wa jua. Ni wa jamii ya kuvu, sawa na ile inayoota kwenye mkate uliokaa siku nyingi, na sawa na hamira inayoumua unga wa mandazi. Kile unachokiona juu ya ardhi ni tunda tu. Kuvu yenyewe ni nyuzi nyembamba mno zilizotambaa ndani ya udongo au ndani ya mbao, wakati mwingine kwa miaka mingi. Mvua inapokuja, tunda huchomoza, hutawanya vumbi lake la uzazi liitwalo spora, kisha huoza.

Kwa kuwa kuvu haijitengenezei chakula, ni lazima ikipate kwingine. Aina nyingine hula vitu vilivyokufa kama majani, samadi na magogo. Nyingine hushirikiana na mizizi ya miti iliyo hai. Nyingine hulimwa na wadudu. Ukiijua riziki ya uyoga, umejua utaota wapi.

Ndimi zinazochomoza ardhini

Mfano mzuri wa jinsi uyoga unavyofungamana na mahali unatoka mbali, katika malisho ya zamani ya Wales, Scotland na Ireland. Huko, majira ya baridi yanapokaribia, vitu vyeusi vyembamba vyenye urefu wa sentimita chache huchomoza kati ya nyasi fupi na kuvumwani. Havina kofia wala mwavuli. Umbo lake ni kama ulimi uliotolewa nje, na ndiyo maana wataalamu wakauita Geoglossum, maana yake kwa Kigiriki ni ulimi wa ardhi. Ndugu yake mmoja, Trichoglossum, ana vinywele vifupi ambavyo ukivitazama kwa kioo cha kukuza utadhani ni kitambaa cha mahameli.

Ndimi hizi huchagua sana makazi. Hupenda nyasi kuukuu ambazo hazijalimwa kwa miaka mingi na hazijawahi kutiwa mbolea ya dukani. Mkulima akimwaga mbolea, nyasi hunawiri lakini ndimi hutoweka, na huenda zisirudi kwa miongo kadhaa. Kwa hivyo wataalamu wa mazingira wakiziona kwenye uwanja wa kanisa la kale au kwenye malisho, wanajua mara moja kwamba udongo huo haujasumbuliwa kwa muda mrefu.

Angalia basi: uyoga umeeleza habari za udongo. Lakini haukueleza lolote kuhusu tumbo la binadamu. Ndimi za ardhi haziliwi, na mtu hawezi kusema kwamba ni chakula eti kwa sababu zimeota mahali safi pasipo na dawa. Usafi wa mahali na usalama wa uyoga ni mambo mawili tofauti.

Kichuguu kilicho hai na kilichokufa

Hapa kwetu somo hilohilo linapatikana kwenye kichuguu. Uyoga unaopendwa sana katika sehemu nyingi za Kenya ni ule wa jamii ya Termitomyces, ambao hulimwa na mchwa. Mchwa hutafuna majani makavu na vipande vya miti, hujenga kwa vitu hivyo kitu kama sega la nyuki ndani ya kichuguu, na juu ya sega hilo hukuza kuvu wanayoila. Mvua inapolowesha ardhi, kuvu hiyo hupenya hadi juu na kutoa uyoga. Ukiuchimbua kwa uangalifu utaona shina lake linaendelea chini kama mzizi mrefu mpaka kwenye sega. Aina moja ya jamii hii, inayopatikana Zambia na nchi jirani, huweza kuwa na kofia yenye upana wa karibu mita moja, na ndio uyoga mkubwa kuliko wote unaoliwa duniani.

Mchwa ni wakulima hodari na hupalilia shamba lao. Wanapokufa au kuhama, kuvu nyingine iliyokuwa imezuiwa hupata nafasi. Hii ni ya jamii ya Xylaria, nayo hutoa juu ya kichuguu vitu vyeusi vigumu kama vidole au ndimi, vinavyofanana kwa mbali na zile ndimi za ardhi za Ulaya. Kichuguu ni kilekile, lakini kinachoota juu yake kimebadilika. Huko Uchina kuvu ya aina hii hutengenezwa kuwa dawa ya kienyeji ya kuleta usingizi, lakini hilo lisikufanye utafune kidole cheusi ulichokiokota shambani. Dawa inayotengenezwa na kupimwa si sawa na kitu kilichong'olewa ardhini.

Kwa hivyo hata ule usemi wa wazee kwamba uyoga wa kichuguu ni salama una mipaka yake. Wazee hawakutazama kichuguu peke yake. Walitazama umbo, rangi, harufu, msimu, na ule mzizi mrefu. Sisi wa mjini tumekumbuka kichuguu na kusahau mengine yote.

Mwavuli wa kwenye nyasi za mjini

Sasa turudi kwa nyanya na nyasi za ploti. Katika nchi nyingi za joto, Afrika Mashariki ikiwamo, kuna uyoga uitwao Chlorophyllum molybdites unaopenda nyasi zilizokatwa, bustani na viwanja vya michezo. Ni mkubwa na wa kuvutia. Kofia yake ni nyeupe yenye magamba ya rangi ya kahawia, upana wake ni sentimita 10 na zaidi, na kwenye shina kuna pete. Aghalabu huota kwa kuzunguka duara.

Ukiwa mchanga, zile kurasa nyembamba zilizo chini ya kofia huwa nyeupe, na hapo ndipo watu hudanganyika. Ukikomaa, kurasa hizo hugeuka kuwa za rangi ya kijani kibichi kilichofifia, kwa sababu spora zake ni za kijani. Ukiiweka kofia iliyokomaa juu ya karatasi nyeupe usiku kucha na kuifunika kwa bakuli, asubuhi utaona vumbi hilo. Vumbi la kijani ni onyo tosha. Hata hivyo, tafadhali usigeuze jambo hili: vumbi lisipokuwa la kijani, hiyo si ruhusa ya kula. Uyoga unaoua zaidi duniani una vumbi jeupe.

Aliyekula uyoga huu wa nyasi huanza kuumwa na tumbo, kutapika na kuendesha katika muda wa saa 1 hadi 3. Ni nadra kuua mtu mzima mwenye nguvu, lakini mtoto mdogo anaweza kupoteza maji mwilini haraka na kuwa hatarini.

Isitoshe, nyasi za mjini zina balaa la pili. Uyoga hufyonza madini mazito kutoka kwenye udongo, kama vile risasi na kadimiamu. Ule unaoota kando ya barabara kuu, karibu na gereji, jaa la taka au mtaro wa kiwanda unaweza kuwa na madini hayo hata ikiwa ni wa aina inayoliwa. Nyasi zilizonyunyiziwa dawa za kuua wadudu au magugu nazo si shamba la chakula.

Muuaji anayefuata mizizi

Uyoga uliowaua watu wengi zaidi duniani ni Amanita phalloides. Asili yake ni Ulaya, ambako huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti, hasa mwaloni. Miti hiyo ilipopelekwa kupandwa ng'ambo, kuvu ilisafiri ndani ya udongo wa miche bila mtu yeyote kujua. Leo unaota Marekani na Australia, na barani Afrika umeonekana Afrika Kusini na Tanzania chini ya miti ya kigeni.

Kofia yake huwa ya kijani kilichochanganyika na manjano, na wakati mwingine ni nyeupe kabisa. Chini ya kofia ni nyeupe. Shina lina pete, na pale lilipozama udongoni kuna kifuko kama ganda la yai lililopasuka. Mtu akilikata shina kwa kisu juu ya udongo, kifuko hicho hubaki chini na onyo hubaki nalo. Hauna uchungu wala harufu mbaya, na watu walionusurika wamesema ulikuwa mtamu. Nusu ya kofia moja inatosha kumwua mtu mzima.

Sumu yake, iitwayo amatoksini, haiharibiwi kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha wala kuweka kwenye friji. Inapofika kwenye ini huzuia seli zisitengeneze protini, na seli hizo hufa. Ini hujaribu kuitoa kupitia nyongo, nyongo huimwaga kwenye utumbo, na utumbo huifyonza tena na kuirudisha kwenye ini. Hivyo sumu ileile hupiga mara kwa mara.

Wanaoathirika mara nyingi ni wageni. Mjini Canberra, Australia, watu wawili walikufa mwezi wa Januari 2012 baada ya kula chakula cha mkesha wa mwaka mpya kilichopikwa kwa uyoga huu. Ukiwa mchanga hufanana sana na uyoga wa majani ya mpunga unaoliwa kila siku katika nchi za Asia. Mwaka wa 2015 nchini Ujerumani, wakimbizi wengi kutoka Syria walilazwa hospitalini baada ya kuchuma uyoga msituni, na hospitali ya chuo kikuu cha udaktari mjini Hannover ikalazimika kutoa mabango ya onyo kwa lugha kadhaa. Watu hao walikuwa wachumaji wazoefu huko kwao. Walichokosa ni macho ya mahali pale.

Imani zisizo na msingi

Kuna mbinu nyingi ambazo watu hurithishana za kuutambua uyoga wenye sumu. Tafadhali zisahau.

Wengine husema ukiupika pamoja na kitunguu au kijiko cha fedha, navyo visigeuke rangi, basi ni salama. Si kweli. Wengine husema uyoga ulioliwa na konokono, nyani au mdudu unafaa kuliwa na binadamu. Si kweli, kwa maana konokono hula uyoga wenye sumu kali bila kudhurika. Wengine huamini kwamba mweupe ni salama na wa rangi kali ndio mbaya, ilhali baadhi ya ule unaoua ni mweupe kama maziwa. Wengine humenya ngozi ya kofia, au huchemsha kwa chumvi na kumwaga maji ya kwanza. Amatoksini haiogopi chumvi. Wengine husema uyoga unaoota kwenye mti hauna madhara. Hilo nalo si kweli, kwani kuna aina ndogo ya kahawia inayoota kwenye magogo ambayo ina sumu hiyohiyo ya Amanita.

Saa inavyosema

Iwapo mtu amekula uyoga na kuugua, swali la kwanza ambalo daktari atakuuliza ni saa. Mlikula saa ngapi, na dalili zilianza saa ngapi?

Kutapika kukianza mapema, ndani ya saa 1 hadi 3, mara nyingi sumu ni ile inayosumbua tumbo. Kukianza baada ya saa 6 au zaidi, hofu ni kubwa, kwa sababu hivyo ndivyo amatoksini inavyofanya kazi. Mgonjwa amelala vizuri, kisha alfajiri anaanza kutapika na kuendesha sana. Baada ya siku moja hivi dalili hupungua na jamaa humshukuru Mungu. Huo ni utulivu wa uongo. Wakati huo ini linaendelea kuharibika. Siku ya tatu au ya nne macho huwa ya manjano, damu hukataa kuganda, na mgonjwa huanza kuchanganyikiwa. Aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kwa kuwa "amepata nafuu" huwa amepoteza siku ambazo zingemwokoa.

Hata saa hazitoi hakikisho kamili, kwani sufuria moja inaweza kuwa na aina mbili za uyoga. Kwa hivyo kila aliyeugua baada ya kula uyoga wa porini apelekwe hospitalini, awe amepata nafuu au la.

La kufanya

Mpeleke mgonjwa hospitalini mara moja, na uende na kila mtu aliyekula chakula hicho hata kama hajisikii vibaya. Usimlazimishe kutapika, na usimpe maziwa wala mitishamba. Ikiwa yuko macho na anaweza kumeza, mpe maji ya chumvi na sukari njiani: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kupima sawasawa bila kurundika.

Beba mabaki ya uyoga, yaliyopikwa na yasiyopikwa, hata maganda yaliyotupwa kwenye pipa. Yafunge kwa karatasi au gazeti, si mfuko wa plastiki, maana humo huoza haraka. Andika saa mliyokula na saa dalili zilipoanza. Hospitalini daktari anaweza kumwekea mgonjwa maji ya mshipani, kumpa mkaa maalumu wa kunasa sumu tumboni (si makaa ya jikoni), kumpa dawa za kulinda ini, na kupima damu kwa siku kadhaa mfululizo. Ini likishindwa kabisa, tumaini linalobaki ni kupandikizwa jingine, na matibabu hayo si rahisi kupatikana.

Je, tuache kula uyoga?

La hasha. Uyoga ni chakula bora. Una protini, vitamini za kundi B na mafuta machache sana, na ukianikwa juani hujitengenezea vitamini D. Lakini mkaaji wa mjini ana njia iliyo salama zaidi: kula ule uliolimwa. Masokoni na madukani kuna ule mdogo mweupe wa mviringo kama kifungo, na ule wa kijivu wenye umbo la chaza. Kilimo chake hakihitaji shamba kubwa, kwa kuwa chumba chenye giza, unyevu na mabua yaliyochemshwa kinatosha. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichoko Juja, ni mojawapo ya taasisi ambazo zimewafunza wakulima kazi hii.

Hata huo ulionunuliwa uangalie. Uwe mkavu na imara, usiwe na utelezi wala harufu kali. Uhifadhi kwenye mfuko wa karatasi, uupike uive vizuri, na usiukawize siku nyingi.

Na nyanya? Asinyang'anywe ujuzi wake. Akiwa Kakamega, kwenye kichuguu anachokijua, yeye ndiye mwalimu na sisi ndio wanafunzi. Mwulizeni awafunze hukohuko, uyoga ukiwa mbele yenu, maana kuuliza si ujinga. Lakini akiwa kwenye nyasi za mjini, mwambieni kwa heshima: "Nyanya, huu si ule wetu." Kisha waelezeni watoto pia kwamba uyoga, au ulimi mweusi wowote uliochomoza ardhini, unatazamwa tu na hautiwi mdomoni.